Sura ya Saba: Wati za Kwenye Boksi na Ampea za Kwenye Waya

Katika vifaa vyote vinavyoongezwa kwenye kompyuta ya mezani, hakuna kinachokula umeme kama kadi ya grafiki, yaani ile bodi inayochomekwa kwenye ubao mama ili ichore picha zinazoonekana kwenye skrini na ambayo, katika miaka ya karibuni, imebebeshwa pia kazi za kuhariri video, kusanifu majengo na kuendesha programu za akili mnemba. Diski ya kuhifadhia data hutumia wati chache, vipande vya kumbukumbu hali kadhalika, na prosesa za kompyuta nyingi za ofisini hazizidi sana wati 90; kadi ya grafiki peke yake inaweza kudai wati 75, au 170, au hata 575 kama ilivyo GeForce RTX 5090 iliyoingia sokoni mwaka 2025. Ndiyo maana mwenye kompyuta anayetaka kuiongezea kadi hana budi kujiuliza kwanza kama pawasaplai yake, yaani lile kasha la chuma lenye feni linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine, itaumudu mzigo huo mpya. Swali hilo hujibiwa vibaya mara nyingi, na chanzo chake si uzembe wa wanunuzi bali desturi ya soko lenyewe, kwa kuwa namba inayochapwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye boksi la pawasaplai ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote katika kulijibu.

Umeme unaofika kwenye soketi za nyumba ni wa mkondo geu, wenye volti 230 nchini Tanzania na 240 nchini Kenya, na mizunguko 50 kwa kila sekunde. Chipu za kompyuta haziwezi kuutumia ukiwa hivyo, kwani zinahitaji mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja bila kuyumba, tena wenye volti ndogo. Kazi ya pawasaplai ni kuugeuza wa kwanza uwe wa pili. Kwa mujibu wa kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995 na ambacho hadi leo ndicho kinachotawala vipimo vya makasha na mpangilio wa nyaya, pawasaplai hutoa volti 3.3 kwenye nyaya za rangi ya machungwa, volti 5 kwenye nyaya nyekundu na volti 12 kwenye nyaya za njano, huku nyaya nyeusi zikiurudisha mkondo ulikotoka. Watengenezaji wengi siku hizi huzifunika zote kwa rangi nyeusi kwa ajili ya urembo, jambo linalomwongezea fundi kazi bila faida yoyote. Zamani mzigo mkubwa ulikuwa kwenye volti 5 na 3.3, lakini tangu ilipotoka Pentium 4 mwaka 2000, ambayo ililetewa plagi yake maalumu ya pini nne, prosesa zilihamia kwenye volti 12 na kadi za grafiki zikafuata. Sababu yake ni ya kifizikia: nguvu ileile ikisafirishwa kwa volti nyingi zaidi huhitaji mkondo mdogo, na mkondo ukipungua kwa nusu, joto linalopotea kwenye waya hubaki robo. Volti 12 zikishafika kwenye kadi, saketi zilizopangwa kandokando ya chipu huzishusha hadi karibu na volti moja, ambayo ndiyo chipu yenyewe inayoitumia.

Kutokana na historia hiyo, swali la iwapo pawasaplai inatosha kwa kadi ya grafiki hubadilika likawa jembamba zaidi, nalo ni hili: njia ya volti 12 inaweza kutoa ampea ngapi? Ampea ni kipimo cha mkondo, volti ni kipimo cha msukumo unaouendesha mkondo huo, na wati, ambazo ni kipimo cha nguvu, hupatikana kwa kuzidisha hizo mbili. Jibu limeandikwa ubavuni mwa pawasaplai, kwenye lebo ambayo wauzaji wengi hawaisomi na ambayo wakati mwingine haionekani mpaka mfuniko wa kompyuta ufunguliwe na pawasaplai yenyewe ifunguliwe skrubu zake nne za nyuma.

Ichukuliwe, kwa mfano, pawasaplai ya bei ya chini iliyoandikwa wati 500 kwa herufi nene, ambayo kwenye lebo yake ya ubavuni, kwa herufi ndogo, imeonyesha ampea 20 kwa volti 3.3, ampea 20 kwa volti 5, na ampea 22 kwa volti 12. Ukizidisha, volti 3.3 zinatoa wati 66, volti 5 zinatoa wati 100, na volti 12 zinatoa wati 264. Jumla yake ni wati 430, na hata zikiongezwa njia mbili ndogo zinazobaki, ile ya kuiweka mashine katika hali ya kusubiri na ile ya volti hasi 12, hesabu haifiki 450. Wati 500 hazimo mahali popote kwenye lebo hiyo isipokuwa kwenye jina. Lakini hata kama jumla ingefika, kadi ya grafiki isingenufaika na wati zilizoko kwenye volti 3.3 na 5, na anayezihesabu ni sawa na mwenye duka anayejumlisha madeni ya wateja pamoja na fedha iliyomo kwenye droo anapotaka kujua kama atamlipa mwenye gari la mizigo jioni hiyo. Fedha ya droo hapa ni wati 264, na humo humo prosesa pia inataka sehemu yake. Pawasaplai ya wati 500 iliyotengenezwa kwa uaminifu huonyesha ampea kati ya 38 na 41 kwenye volti 12, yaani karibu nguvu yake yote, na tofauti hiyo moja humwambia mnunuzi mengi kuliko rangi ya boksi au idadi ya taa zilizomo ndani ya feni.

Kuna lebo nyingine zinazoonyesha njia mbili za volti 12, zikiitwa 12V1 na 12V2, kila moja ikiwa na ampea 18. Haifai kuzijumlisha zikawa 36, kwani njia hizo kwa kawaida hutoka kwenye chanzo kimoja ndani ya kasha na kilichogawanywa ni ulinzi tu, ili waya mmoja ukipata shoti usiweze kuvuta mkondo wote. Chini ya namba hizo huwa kuna mstari unaotaja kikomo cha pamoja cha volti 12. Ikiwa mstari huo unasema wati 324, basi ampea halisi ni 27, hata kama macho yanaona 18 mara mbili.

Baada ya kujua kilichopo, ndipo hutazamwa kinachodaiwa. Kadi ya grafiki hupokea umeme kwa milango miwili. Wa kwanza ni sloti ya PCI Express ambamo kadi huchomekwa, ambayo kwa mujibu wa kiwango chake hutoa wati 75 kwa jumla, kati ya hizo wati 66 zikiwa ni za volti 12. Kadi ndogo kama GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 iliyoifuata zinatosheka na mlango huo, na ndiyo sababu matoleo yake mengi hayana tundu lolote la plagi ya umeme. Kadi zinazotaka zaidi huwa na mlango wa pili, yaani plagi inayotoka moja kwa moja kwenye pawasaplai: ya pini sita imeruhusiwa kubeba wati 75, ya pini nane wati 150, na ile mpya yenye pini 12 za kubebea umeme na nyingine nne ndogo za mawasiliano, iliyokuja mwaka 2022, inaweza kubeba hadi wati 600. Kwa hiyo matundu yaliyo ubavuni mwa kadi ni ungamo la mtengenezaji kuhusu ulaji wa kadi hiyo, na hata asiye na karatasi ya maelezo anaweza kukadiria kwamba kadi yenye tundu moja la pini nane haipaswi kuvuka wati 225, yaani 150 za plagi na 75 za sloti.

Mipaka hiyo si ya kinadharia tu, na kisa cha Radeon RX 480 kinaonyesha hivyo. Kadi hiyo ilitolewa na AMD mwishoni mwa Juni 2016 ikiwa imekadiriwa wati 150 na kupewa plagi moja ya pini sita, hesabu iliyotimia barabara bila akiba hata ya wati moja. Wapimaji walipoweka vifaa vyao kwenye sloti waligundua kwamba kadi ilikuwa ikivuta kupitia humo zaidi ya wati 75 zilizoruhusiwa, na mwezi uliofuata AMD ikalazimika kutoa dereva mpya, yaani programu inayoiongoza kadi, iliyohamishia sehemu ya mzigo kwenye plagi. Plagi huunganishwa kwa nyaya nene zinazotoka kwenye pawasaplai, ilhali umeme wa sloti hupita kwenye njia nyembamba za shaba zilizochapwa ndani ya ubao mama, na ubao mama wa zamani au wa bei ya chini ukizidishiwa hapo huweza kuungua mahali ambapo fundi hawezi kupatengeneza kwa urahisi.

Hesabu yenyewe huonekana vizuri zaidi ikifanywa kwa mashine inayojulikana. Dell OptiPlex 9020 ni miongoni mwa kompyuta za ofisini zinazopatikana kwa wingi zikiwa zimekwisha kutumika, na vijana wengi wanaoanza kuhariri video au kucheza michezo ya kompyuta huanzia kwenye mashine za aina hiyo kwa kuwa ni imara na bei yake inafikika. Toleo lake la kasha la wima lina pawasaplai ya wati 290, na toleo la kasha jembamba lina ya wati 255. Prosesa ya Core i7-4790 inayopatikana humo imekadiriwa wati 84. Ubao mama, kumbukumbu, diski na feni vinaweza kupewa wati 45 kwa ukarimu. Jumla kabla ya kadi ni wati 129. Ikiwekwa GTX 1650 ya wati 75, jumla inafika 204, ambayo ni kama asilimia 70 ya uwezo wa pawasaplai ya wati 290, na hapo pana nafasi ya kupumua. Ikiwekwa RTX 3060, ambayo NVIDIA imeikadiria wati 170, jumla inafika 299, na shauri limekwisha kabla halijaanza, kwani hata kama wati zingetosha, pawasaplai hiyo haina plagi ya pini nane ambayo kadi inaidai.

Mwenye mashine hiyo asifikiri kwamba tiba ni kununua tu pawasaplai kubwa. Dell katika toleo hilo iliacha plagi ya kawaida ya ubao mama yenye pini 24 na kuweka yake ya pini nane, hivyo pawasaplai ya kawaida ya ATX haiingii bila adapta maalumu, na katika kasha jembamba haiingii kabisa kwa sababu umbo lenyewe ni tofauti. Watengenezaji wengine wakubwa wa kompyuta za ofisini wana mitindo yao, na baadhi ya pawasaplai zao hutoa volti 12 pekee huku volti 5 na 3.3 zikizalishwa kwenye ubao mama. Gharama ya adapta, pawasaplai na wakati wa fundi ikijumlishwa, mara nyingi huwa busara kuchagua kadi isiyohitaji plagi kuliko kuibadilisha mashine ili imfuate mgeni.

Njia ya mkato inayotumiwa na wengi ni kutazama wati zinazopendekezwa na mtengenezaji wa kadi. Njia hiyo ina manufaa, ila inapaswa kueleweka kuwa ni makadirio ya tahadhari yanayodhani kwamba prosesa ni yenye ulaji mkubwa na pawasaplai si ya daraja la juu. Ushahidi wake ni kwamba NVIDIA imependekeza wati 550 kwa RTX 3060 ya wati 170, na wati 550 hizo hizo kwa RTX 4060 ambayo ulaji wake ni wati 115 tu. Mtu mwenye pawasaplai nzuri ya wati 450 na prosesa ya wastani anaweza kuitumia RTX 4060 bila wasiwasi, wakati mwenye ile ya lebo ya wati 500 na ampea 22 anaweza kukwama ingawa pengo lake na namba iliyopendekezwa linaonekana dogo.

Lipo jambo jingine ambalo wastani wa wati hauwezi kulionyesha, nalo ndilo lililowasumbua wengi waliofanya hesabu zao kwa uangalifu. Chipu ya grafiki haivuti umeme kwa utulivu. Kazi yake hubadilika mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila sehemu kubwa ya chipu inapoamka kwa pamoja mkondo huruka juu kwa muda mfupi mno kisha hushuka. Kadi iliyokadiriwa wati 320, kama RTX 3080 ya mwaka 2020, hubaki karibu na kiwango hicho ikipimwa kwa sekunde, lakini ikipimwa kwa sehemu ndogo za milisekunde huonekana ikiruka mbali zaidi. Mirukio hiyo humezwa na kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji na kuiachia papo hapo. Ikizidi uwezo wake, saketi ya ulinzi ndani ya pawasaplai hudhani kuna shoti na kuizima mashine yote. Ndiyo maana baada ya kadi za kizazi hicho kutoka, watumiaji wenye pawasaplai zilizoonekana kutosha kwa wati, baadhi zikiwa za majina yanayoheshimika, walishangaa kompyuta ikijizima katikati ya mchezo. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kililijibu tatizo hilo kwa kuzitaka pawasaplai zenye zaidi ya wati 450 zihimili mzigo wa mara mbili ya wati zake kwa muda wa mikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kwa pawasaplai iliyotengenezwa kabla ya hapo, akiba ndiyo kinga pekee, na kadi ikiwa ya wati 200 kwenda juu, ni vyema hesabu ya kawaida isivuke asilimia 70 ya kile kinachotolewa na volti 12.

Wati zikitosha, bado inabakia njia ya kuzifikisha, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Madukani huuzwa adapta inayogeuza plagi ya SATA, ile bapa inayotumiwa na diski, kuwa plagi ya pini sita ya kadi ya grafiki. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikiwa imekadiriwa ampea 1.5, hivyo uwezo wake ni ampea 4.5 au wati 54. Plagi ya pini sita imeruhusiwa kudai wati 75, yaani ampea 6.25. Kinachofuata si kujizima kwa mashine, kwa kuwa pawasaplai haioni kosa lolote kwenye mkondo wa ampea sita, bali ni kupata moto polepole kwa pini hadi plastiki iyeyuke, na harufu ndiyo hutangulia kutoa habari. Iwapo pawasaplai haina plagi ya kadi ya grafiki, hiyo yenyewe ni kauli ya mtengenezaji kwamba hakukusudia ibebe kadi ya namna hiyo, na adapta haiwezi kuipinga kauli hiyo.

Hatari nyingine ni ya kufanana. Plagi ya pini nane ya prosesa na ya pini nane ya kadi ya grafiki zinakaribiana kwa umbo, lakini mpangilio wa volti 12 na nyaya za kurudisha mkondo umegeuzwa, na anayeilazimisha moja iingie mahali pa nyingine huwa anatengeneza shoti kwa mkono wake. Alama ya kuzitofautisha ni kwamba ya prosesa kwa kawaida hugawanyika katika vipande viwili vya pini nne, na ya kadi hugawanyika katika sita na mbili. Pawasaplai ambazo nyaya zake huchomolewa zina mtego wake pia: upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna kiwango cha pamoja, kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo, na waya uliotoka kwenye pawasaplai ya chapa moja ukichomekwa kwenye ya chapa nyingine unaweza kupeleka volti 12 kwenye diski mahali palipongoja volti 5. Waya wenye plagi mbili za pini nane zilizofuatana unafaa kwa kadi ndogo; kadi kubwa yenye matundu mawili yapasa ipewe nyaya mbili zinazotoka kwenye pawasaplai kila moja kivyake.

Kuhusu plagi mpya ya wati 600, takwimu zake zinajieleza. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, zikigawanywa kwa pini sita za kupeleka umeme kila moja hubeba zaidi kidogo ya ampea nane, wakati kwenye plagi ya zamani ya pini nane wati 150 hugawanywa kwa pini tatu na kila moja hubeba ampea nne na ushei. Pini za plagi mpya ni ndogo kuliko za zamani na zinabeba takribani maradufu. Wiki chache baada ya RTX 4090 kutoka Oktoba 2022 zilianza kuonekana picha za plagi zilizoyeyuka, na uchunguzi mwingi ulielekeza kidole kwenye plagi ambazo hazikusukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 kiwango kilirekebishwa na kuitwa 12V-2x6, pini ndogo za mawasiliano zikafupishwa ili kadi isivute umeme mwingi kabla plagi haijakaa sawasawa. Hata hivyo ripoti za kuyeyuka hazikukoma kabisa, na mwenye kadi ya aina hiyo hufanya vyema kuisukuma plagi mpaka isionekane nafasi, kisha asiukunje waya karibu na plagi hata kama mfuniko wa kasha unamlazimisha.

Umri na joto huipunguza pawasaplai bila kubadilisha lebo yake. Kapasita za ndani zina majimaji yanayokauka taratibu, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Watengenezaji makini hutaja kwamba wati zao zinapatikana kwenye nyuzi 40 au 50, wengine hupima kwenye 25 na kunyamaza. Katika vyumba vya Dar es Salaam au Mombasa, ambavyo miezi ya joto huvuka nyuzi 30 kabla kompyuta haijawashwa, kipimo cha nyuzi 25 hakina maana. Ile nembo ya 80 PLUS iliyoanzishwa mwaka 2004, pamoja na madaraja yake ya shaba, fedha, dhahabu na mengineyo, haipimi uimara huo, bali hupima ufanisi, yaani sehemu ya umeme wa ukutani inayowafikia watumiaji wa ndani badala ya kugeuka joto. Kwa nusu mzigo kwenye volti 115, daraja la shaba hutakiwa kufika asilimia 85 na la dhahabu asilimia 90. Wati za kwenye lebo ni zile zinazotolewa, si zinazovutwa, kwa hiyo sehemu za kompyuta zinazohitaji wati 300 kupitia pawasaplai ya ufanisi wa asilimia 85 huvuta kama wati 353 ukutani. Na pawasaplai ya wati 750 haili wati 750 muda wote, kama baadhi ya wauzaji wanavyowatisha wateja. Hutoa kile kinachodaiwa tu.

Umeme unaoyumba huongeza mambo mawili. Pawasaplai za bei ya chini huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma yenye alama 115 na 230, na ikiwa imeachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa kwenye soketi ya hapa Afrika Mashariki, fyuzi na kapasita hupasuka mara moja. La pili ni UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika: ile iliyoandikwa 650 VA, katika miundo midogo mingi, hutoa wati kama 390 tu, na kompyuta iliyokuwa ikiimudu kabla ya kadi mpya inaweza kuizidi baada yake. Pia UPS ndogo huchukua milisekunde chache hadi kumi kuhamia kwenye betri, na pawasaplai inatakiwa kuendelea kwa chaji yake yenyewe katika kipindi hicho. Pawasaplai nzuri huweza kushika kama milisekunde 16 ikiwa na mzigo kamili, duni hushika pungufu, na kadi kubwa huufupisha muda huo zaidi.

Kadi ikishafungwa, uthibitisho hutafutwa kwa kuibebesha mzigo makusudi. Programu kama FurMark huichosha kadi, na OCCT inaweza kuichosha kadi na prosesa kwa pamoja, hali ambayo ni kali kuliko matumizi ya kawaida. Nusu saa inatosha kuonyesha mengi. Kipimo cha multimita kwenye waya wa njano wakati wa mzigo kinapaswa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6, na kushuka kwake kadiri mzigo unavyopanda ni dalili iliyo wazi kuliko namba zinazosomwa na programu kutoka kwenye ubao mama, ambazo mara nyingi hukosea. Mashine ikijizima ghafla kana kwamba imechomolewa, shaka ya kwanza ni pawasaplai. Picha ikiganda au skrini ikijaa rangi za ajabu huku mashine ikiendelea kuwaka, shaka ihamie kwenye dereva, joto au kadi yenyewe. Kumbukumbu ya matukio ya Windows huandika tukio namba 41 baada ya kujizima huko, lakini tukio hilo linasema tu kwamba mfumo haukuzimwa kwa utaratibu, halitaji mkosaji.

Palipo na upungufu mdogo, kadi inaweza kuwekewa kikomo cha wati kwa programu. MSI Afterburner hufanya hivyo kwa asilimia, na amri ya nvidia-smi inayokuja pamoja na dereva wa NVIDIA hufanya hivyo kwa wati kamili, mradi kiasi kiwe ndani ya mipaka aliyoiweka mtengenezaji. Wati za mwishomwisho ndizo zinazoleta kasi ndogo kuliko zote, kwa hiyo kadi ikipunguziwa moja ya tano ya umeme wake hupoteza kasi kwa kiwango kidogo kuliko hicho, na joto la chumba hupungua pia. Kikomo hicho hushusha wastani kuliko kinavyoshusha mirukio, na hakizalishi plagi isiyokuwepo. Aidha, kile kinachowekwa kwa nvidia-smi hufutika kompyuta inapozimwa, hivyo amri hiyo inatakiwa kuwekwa miongoni mwa zile zinazojiendesha zenyewe kila mashine inapowaka.